Shingo inayouma na ateri iliyopasuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaogusa shingo za watu Lubumbashi

Ukurasa huu umeandikiwa makine (wanaotibu kwa mazoezi ya viungo), masere (wanaokanda misuli), mafundi wa mifupa, wauguzi wa vituo vya mtaani na vinyozi wanaomalizia kazi kwa kuzungusha kichwa cha mteja mpaka shingo ilie. Umeandikiwa pia mgonjwa. Wenye diploma ya kiropraktiki, yaani kutibu kwa kugeuza mgongo na shingo kwa mikono, ni wachache mjini kwetu, lakini kazi ya kugeuza shingo inafanywa kila siku katika komuni zetu, Kenya, Katuba, Kampemba hadi Ruashi, na shingo haijui diploma ya aliyeishika.

Ateri gani tunayozungumzia, na inapasukaje?

Damu inapanda kwenye ubongo kwa ateri nne. Mbili ziko mbele, kulia na kushoto, ndizo karotidi. Ukiweka vidole kando ya koo unazisikia zikipiga. Nyingine mbili ziko nyuma, ateri za vetebra. Hizi huingia kwenye vitundu vya mifupa ya shingo, kwa kawaida kuanzia mfupa wa sita, hupanda kitundu kwa kitundu hadi mfupa wa kwanza, kisha hupinda kona kali juu yake kabla ya kuingia ndani ya fuvu. Kona ile iko mahali ambapo kichwa hugeukia zaidi, na ndipo ateri ya vetebra hupasuka mara nyingi. Karotidi hupasuka juu zaidi ya pale inapogawanyika, karibu na fuvu, mahali ambapo kidole hakifiki.

Fikiria koti lenye bitana. Bitana ikichanika kwenye kikwapa, ukivaa koti mkono unaingia kati ya bitana na kitambaa, unakwama humo na bitana inakunjamana. Ateri nayo ina bitana. Ikichanika, damu inaingia ndani ya ukuta na kuuvimbisha, njia inakuwa nyembamba au inazibika. Kwenye mchaniko donge la damu hujijenga, kipande kikamegeka na kupanda kwenye ubongo. Hicho ndicho kiharusi, AVC kama tunavyosema wengi. Kwa hiyo "kupasuka" hapa si kumwaga damu nje. Mtu anaweza kutembea nayo siku kadhaa, akiwa na maumivu ya shingo tu.

Ni kugeuza shingo kunakopasua ateri, au ilikuwa imepasuka tayari?

Yote mawili yanawezekana, na la pili ndilo linalosahauliwa. Ateri iliyochanika inauma shingo na kichwa. Mtu anayeumwa shingo anakwenda wapi? Kwa anayetibu shingo. Analala kwenye meza, anageuzwa, na jioni mdomo unapinda. Familia inasema fundi ndiye aliyemharibu, fundi anasema alimkuta hivyo. Huko Ontario, Kanada, watafiti walipitia viharusi 818 vya ateri za nyuma vilivyotokea kati ya 1993 na 2002. Walikuta kwamba wagonjwa wenye umri chini ya miaka 45 walikuwa wamemwona kiropraktika zaidi ya watu wa kawaida kabla ya kiharusi, lakini pia walikuwa wamemwona daktari wa kawaida kwa kiwango cha kufanana. Daktari hakuwageuza shingo. Maana iliyo karibu zaidi ni kwamba maumivu ya mchaniko ndiyo yaliyowapeleka kwa wote wawili.

Hilo halimsafishi anayegeuza. Kugeuza kwa nguvu na kwa ghafla ateri iliyochanika kunaweza kumegua donge au kupanua mchaniko, na zipo taarifa za watu waliopata dalili mezani palepale. Ila linabadilisha kazi yako. Swali lako la kwanza lisiwe "nimgeuze vipi kwa usalama?" bali "huyu ameniletea misuli au ameniletea ateri?"

Inampata nani?

Ni tatizo adimu. Nchi zilizohesabu hupata karibu watu 3 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Kati ya viharusi vyote vya kuziba mshipa ni kama 2 kwa 100, lakini kwa watu chini ya miaka 50 ni sababu mojawapo kubwa. Umri wa wastani ni miaka ya arobaini na kitu. Ndiyo maana inadanganya: tumezoea kumwogopea kiharusi mzee mwenye tansio (presha) na sukari, na huyu ni mtu mzima mwenye nguvu zake, labda hata presha hana.

Ulizia ajali ndogo ya siku au wiki chache zilizopita: kuanguka kwenye moto ya manseba (pikipiki ya abiria), breki ya ghafla barabara ya Kasumbalesa, kupiga mpira kwa kichwa, kutapika au kukohoa sana, kupaka rangi dari siku nzima. Wengi wanasema "hakuna kilichotokea", na mara nyingi ni kweli. Mafua au homa ya karibuni huongeza uwezekano, vivyo hivyo kipandauso, tansio, na kuwa mama aliyejifungua wiki chache zilizopita. Wapo pia waliozaliwa na mishipa dhaifu: ngozi nyembamba inayochubuka bure, viungo vinavyojikunja kupita kiasi, ndugu aliyekufa ghafla kijana kwa mshipa kupasuka.

Maumivu yake yanafananaje?

Sikiliza maneno ya mgonjwa kabla ya kutafuta kitu kwa vidole. Sentensi inayopaswa kukusimamisha ni hii: "Hii maumivu ni ya mupya kabisa." Mtu aliyeumwa shingo miaka kumi anaijua shingo yake. Akisema safari hii si ileile, mwamini, hata kama karatasi yake ya zamani imeandikwa aroze (kuchakaa kwa viungo) ya shingo.

Mara nyingi huwa upande mmoja. Karotidi huuma mbele au pembeni ya shingo, kwenye taya, kwenye panda la uso, nyuma ya jicho. Vetebra huuma kisogoni na nyuma ya shingo. Huja ghafla au hupanda ndani ya saa chache, huwa ya kudumu, na dawa za kawaida haziyagusi vizuri. Wengine husikia sikioni sauti inayopiga pamoja na moyo, fuu-fuu-fuu; hiyo peke yake, ikiwa mpya na ya upande unaouma, inatosha kumpeleka mtu hospitali.

Kati ya maumivu kuanza na kiharusi mara nyingi kuna saa, siku, hata wiki mbili. Kipindi hicho ndicho anachopitia mezani kwako.

Nikibonyeza misuli anaumia palepale. Si inamaanisha ni misuli?

Hapana. Ateri ikiuma, misuli ya jirani hukaza kuilinda, na shingo hukataa kugeuka. Unapata fundo gumu, unapata shingo ngumu, unajiambia umekwisha kupata ugonjwa. Wengi huteleza hapo, hata wazoefu, na pengine wazoefu zaidi, kwa sababu vidole vyao vinajua kupata fundo. Kupata fundo hakufuti mashaka yaliyotokana na maneno ya mgonjwa.

Jicho linaonyesha nini?

Neva ndogo zinazofungua mboni na kuinua kidogo ukope hupanda zikiwa zimejizungushia karotidi. Ateri ikivimba zinabanwa: ukope wa upande unaouma unashuka kidogo, milimita 1 au 2 tu, na mboni ya upande huo inakuwa ndogo. Ukope ukifunika jicho zima, hilo ni jambo jingine, nalo ni la dharura pia.

Macho yetu ni meusi, mboni haionekani kwa urahisi. Fanya hivi. Punguza mwanga wa chumba, funga pazia. Mwambie atazame mbali ukutani. Shika tochi ya simu chini ya kidevu chake, ikimulika kwa mshazari, isiingie moja kwa moja machoni. Linganisha mboni mbili. Sasa zima na uhesabu hadi tano, kisha mulika tena kidogo: mboni nzima imeshapanuka, ile mgonjwa inachelewa. Tofauti huonekana zaidi gizani kuliko mchana, kwa hiyo ukipima kibarazani kwenye jua utasema macho ni sawa. Ukiwa na shaka piga picha ya uso kwa simu na uikuze. Na kama hujui kama ukope ulikuwa hivyo tangu zamani, omba kadi ya mpiga kura: picha iko pale.

Maumivu mapya ya upande mmoja pamoja na jicho hilo ni mchaniko wa karotidi mpaka skana (picha ya CT) iseme vinginevyo. Usisubiri dalili ya tatu. Wengi hawapati dalili zote pamoja.

Kabla hujaliacha uso, mwambie atoe ulimi. Ulimi unaokwenda upande mmoja unaonyesha neva yake ya upande huo imebanwa.

Ateri ya nyuma ikizibika, dalili ni zipi?

Hapa ndipo watu hurudishwa nyumbani kimakosa, kwa sababu mikono na miguu inaweza kuwa na nguvu kamili. Tumefundishwa kuangalia mdomo uliopinda, mkono ulioanguka na maneno yaliyovurugika. Kiharusi cha nyuma kinaweza kukosa yote matatu. Mgonjwa anasema "kichwa inazunguka", anatapika, anaona vitu mbili-mbili, sauti imekuwa ya kukwaruza, mate yanamkwama, au ana kwikwi isiyokatika. Anapokaa anaegemea upande mmoja. Anapotembea anashika ukuta.

Kuna jaribio moja rahisi ambalo vituo vingi hawalifanyi. Chukua kijiko kilichokaa kwenye maji baridi. Gusa shavu la kulia, la kushoto. Mkono wa kulia, wa kushoto. Mguu hivyo hivyo. Uliza kama baridi ni ileile. Katika kiharusi cha upande wa shina la ubongo, baridi hupotea kwenye uso upande unaouma na kwenye mkono na mguu wa upande wa pili. Mchoro huo wa kupishana misuli haiwezi kuutoa.

Kizunguzungu cha sikio kipo, na ni cha kawaida kuliko kiharusi. Lakini mwenye kizunguzungu cha sikio kwa kawaida huweza kusimama, hata kama kwa shida. Asiyeweza kukaa bila kushikwa, mpeleke.

Nifanye uchunguzi gani kabla ya kugusa shingo yoyote?

Dakika kumi zinatosha. Mgonjwa amekaa kwenye kiti, si amelala. Maswali kwanza, na uyaulize kwa Kiswahili anachosema yeye: "Mama, hii maumivu ulikuwa unaiyua zamani, ao ni ya mupya? Ilianza siku gani, saa gani, ulikuwa unafanya nini?" Kisha ulizia ajali, homa ya karibuni, kipandauso, kizunguzungu, kuona mbili-mbili, kumeza, sauti, ganzi usoni, kuanguka bila kuzimia. Andika majibu.

Pima tansio mikono yote miwili. Tofauti ya zaidi ya 20 kwenye namba ya juu inahitaji daktari. Ikiwa 180/110 au zaidi pamoja na maumivu mapya ya kichwa au shingo, leo si siku ya kugeuza kitu. Halafu macho kama ilivyoelezwa, na umwombe afuate kidole chako kulia na kushoto: mboni zinazorukaruka zinaonekana wazi. Uso: atabasamu, afunge macho kwa nguvu. Ulimi. Aseme "aaa" na umulike koo: kilimi kivutwe katikati. Anyooshe mikono viganja juu, macho yamefungwa, sekunde kumi. Mkono unaozama una udhaifu. Aguse pua yake na kidole chako mara tano kila mkono. Kijiko cha baridi. Mwisho atembee hatua kumi, kisigino mbele ya kidole, wewe ukiwa pembeni yake tayari kumdaka.

Kila kitu kikiwa sawa na maumivu ni ya zamani, endelea na kazi yako. Dalili moja tu ya neva ikiwepo, usiguse. Mwili ukiwa sawa lakini maumivu ni mapya, ya upande mmoja, hayafanani na chochote alichowahi kusikia: usigeuze, mtume akaonwe leo hii.

Na ule mtihani wa kulaza kichwa nyuma na kukigeuza, kuona kama atapata kizunguzungu?

Uache. Ulifundishwa kwa miaka mingi na bado uko kwenye madaftari. Hauwezi kutofautisha ateri nzima na iliyochanika: waliochanika wanaupita, wazima wanaushindwa. Na unaifanyia ateri mgonjwa lile ulilokuwa unataka kuliepuka. Vilevile usifanye lile jaribio la kizunguzungu la kukirusha kichwa ghafla upande mmoja kwa mtu mwenye maumivu mapya ya shingo, wala usikandamize karotidi kwa kidole gumba. Kusikiliza shingo kwa stetoskopi hakudhuru, ila ukimya wake hauthibitishi lolote.

Je, si malaria au tifoidi tu?

Kichwa kinauma, anatapika, mwili umelegea: mjini kwetu hilo lina jina tayari kabla mgonjwa hajakaa. TDR (kipimo cha haraka cha malaria) ikiwa chanya, serumu (dripu) inatundikwa na habari inaishia hapo. Lakini mtu mzima anaishi na vimelea damuni bila kuugua. TDR chanya inakwambia vimelea vipo au vilikuwepo hivi karibuni, haikwambii kwamba ndivyo vinavyomfanya aegemee ukuta. Malaria kwa kawaida haiumi upande mmoja wa shingo, haishushi ukope mmoja. Tibu malaria kama ipo, na uendelee kutafuta.

Ugonjwa wa uti wa mgongo (meninjiti) nao unakaza shingo, lakini pande zote mbili na kwa homa. Huo ni wa kupelekwa haraka vilevile. Na maumivu ya kichwa yanayofikia kilele ndani ya dakika moja, kama mtu amepigwa nyundo, yanaweza kuwa damu inayomwagika kando ya ubongo, jambo ambalo mchaniko wa vetebra ukiingia ndani ya fuvu unaweza kulisababisha.

Nimeshuku. Nifanye nini?

Andika saa. Si saa uliyomwona, bali saa ya mwisho aliyokuwa mzima, na saa dalili ilipoanza. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tu tangu hapo, na mchaniko wa ateri ya shingo peke yake haumzuii mtu kuipata mahali ilipo. Bila saa hiyo daktari hawezi kuamua.

Pima sukari kwa kidole: chini ya 70 mg/dl inaweza kuiga kiharusi, na inatibika palepale. Asile wala asinywe mpaka umezaji wake upimwe. Hata vidonge visipite mdomoni. Akitapika mlaze ubavu, shingo ikiwa imenyooka na mwili. Taulo lililokunjwa kila upande linatosha kukizuia kichwa kisiviringike. Aende kwa gari. Moto hapana, hata kama foleni iko vipi.

Sasa yale yanayofanywa kwa nia njema na kuharibu. Usimpe aspirini kabla ya skana. Kama tatizo ni damu inayomwagika, umeizidisha. Usiweke nifedipini chini ya ulimi ili kushusha tansio: ubongo unaokosa damu unategemea tansio hiyo, na kuishusha ghafla kunaongeza sehemu inayokufa. Hata 200/110 iache, daktari ataamua. Sindano ya diklofenaki mwache nayo pia. Kama umezaji ni salama na kinachosumbua ni maumivu tu, parasetamoli gramu 1 inatosha.

Na usimkande "kidogo tu ili apate nafuu njiani".

Kwenye karatasi ya kumtuma niandike nini?

Karatasi ni nusu ya safari. Ukiandika "céphalée, scanner cérébral" (maumivu ya kichwa, skana ya ubongo) atafanyiwa skana ya ubongo bila dawa ya kuonyesha mishipa. Skana hiyo saa za kwanza huwa safi mara nyingi, na shingo haimo kabisa kwenye picha. Familia imelipa, jibu ni "normal", mgonjwa anarudi kwako ukamgeuze. Andika hivi: *Suspicion de dissection artérielle cervicale. Angio-scanner des troncs supra-aortiques et du polygone de Willis.* Yaani: ateri ya shingo inashukiwa kuchanika, ipigwe skana ya mishipa ya shingo na ya ubongo. Chini yake: maumivu upande gani, tangu lini, dalili ulizoona, tansio ya kila mkono, sukari, na kama shingo iligeuzwa na mtu, siku gani. Hilo la mwisho watu hulificha. Liandike.

Piga simu kabla ya kuondoka. Uliza kama skana inafanya kazi leo, kama dawa ya mishipa ipo, kama kuna umeme. Familia ijiandae na pesa ya mwanzo, na mtu mmoja atangulie kulipa wakati wengine wanamsindikiza. Kreatinini (kipimo cha figo) ichukuliwe, ila isicheleweshe skana ya mwenye dalili za kiharusi. Muuguzi aweke kateta (mrija wa mshipani) ya kijani au ya waridi kwenye mkunjo wa kiwiko. Ile ya samawati kwenye kiganja haipitishi dawa kwa kasi inayotakiwa, picha inatoka hafifu, na mgonjwa anarudia.

Kwa anayesoma picha: ateri moja ya vetebra kuwa nyembamba tangu kuzaliwa ni jambo la kawaida sana. Nyembamba yenye kingo laini na tundu dogo la mfupa si sawa na nyembamba iliyovimba ukuta.

Eko-dopla (picha ya mishipa kwa mawimbi ya sauti) haitoshi? Ni rahisi na iko karibu.

Ikionyesha mchaniko, umepata. Isipoonyesha, hujapata chochote, kwa sababu inaona vibaya pale juu karibu na fuvu na kwenye kona ya mfupa wa kwanza, yaani mahali penyewe. IRM (picha ya sumaku) ni nzuri, ikiwa na picha za aina ya T1 zilizofutwa mafuta: damu iliyo ukutani inaonekana kama mwezi mwandamo unaozunguka njia. Ila siku mbili tatu za kwanza mwezi huo unaweza kuwa haujang'aa. Redio (eksirei) ya kawaida ya shingo haionyeshi ateri hata kidogo. Inachoonyesha ni aroze, ambayo watu wengi wa umri huo wanayo bila kujua, na ndiyo itakayolaumiwa.

Nimegeuza shingo, na mgonjwa anasema anazungukwa. Nifanye nini dakika hiyo?

Ondoa mikono. Kosa kubwa kuliko yote ni kugeuza mara ya pili "ili mfupa urudi mahali pake". Mwache alale palepale, angalia saa, zungumza naye, tazama macho, uso, sauti, mikono. Kizunguzungu chepesi kinachoisha ndani ya dakika moja baada ya kuinuka hutokea kwa wengi. Kinachoendelea, kinachorudi, au kinachokuja na kutapika, kuona mbili-mbili, ganzi au sauti kubadilika, ni hospitali sasa hivi, na wewe unakwenda naye kueleza ulichofanya.

Basi nisiguse shingo tena?

Gusa. Shingo nyingi zinazouma ni misuli na viungo, na zinapona kwa joto, mazoezi mepesi, kukanda taratibu na kusahihisha jinsi mtu anavyolala au anavyokaa kwenye usukani. Kule kurusha ghafla mpaka ilie hakujaonyeshwa kuwa kunazidi mazoezi kwa namna inayostahili hatari hiyo, hasa juu ya shingo, mifupa ya kwanza na ya pili. Mlio wenyewe ni gesi kwenye kiungo. Hakuna mfupa uliorudi popote.

Ukiamua kugeuza, mgonjwa ajue. Mwaka 2014 chama cha Marekani cha moyo na kiharusi kilitaka kila mgonjwa aambiwe kuhusu uhusiano huu kabla ya kugeuzwa shingo. Kwa Kiswahili haihitaji zaidi ya sentensi tatu: "Papa, kugeuza hivi mara chache sana kunahusishwa na mshipa wa shingo kuchanika na kuleta AVC. Kuna njia nyingine bila kugeuza. Unachagua nini?"

Saluni na vinyozi wanahusikaje?

Kinyozi asigeuze shingo ya mteja. Hapo hakuna mjadala, hana njia ya kujua anachokishika. Kwenye saluni, beseni la kuoshea nywele linalokunja kichwa nyuma kwa muda mrefu limewahi kuripotiwa kuleta viharusi. Taulo nene chini ya shingo, dakika chache kwa mara moja, na mteja akisema kichwa kinazunguka, mwinue taratibu.

Hospitali watamfanyia nini?

Dawa za kuzuia donge, aspirini au za kundi jingine zenye nguvu zaidi, kwa kawaida miezi 3 hadi 6, kisha picha nyingine. Ateri nyingi zilizokuwa nyembamba hufunguka zenyewe ndani ya muda huo. Iliyozibika kabisa mara nyingi hubaki hivyo. Upasuaji ni nadra. Hatari ya kurudia si kubwa, na sehemu yake nyingi iko mwezi wa kwanza.

Anaweza kurudi kubeba, kuendesha, kuja kwa kine?

Kine anahitajika sana kama kiharusi kimetokea: mkono, mguu, kutembea, kumeza. Shingo yake isigeuzwe kwa nguvu tena, na hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi yake ya kutoka, maana mwaka mmoja baadaye atakutana na masere asiyemjua. Mpaka picha ya pili, bidon la lita 20 lisipande kichwani, gunia lisibebwe begani, mpira wa kichwa usichezwe. Shofa wa lori asiendeshe akiwa bado anaona mbili-mbili au ana kizunguzungu, hata kama bosi anapiga simu.

Nimemwambia aende, amekataa. Anasema maumivu yamepungua.

Maumivu kupungua hakumaanishi bitana imeshikana. Usibishane naye peke yake. Mwite aliyekuja naye, mke, kaka, mtoto mkubwa, na uwaambie wote wawili. Mpe karatasi ileile kana kwamba anakwenda. Mwambie asilale peke yake usiku huo wala usiku chache zinazofuata, na anayelala naye ajue cha kutazama: ukope, mdomo, sauti, kutapika, kuegemea, kushindwa kuamka. Kimoja kikitokea, hata saa tisa usiku, waondoke na karatasi mkononi, na kwanza waandike saa juu yake. Kesho asubuhi mpigie simu wewe.